Pazia la Mzee Haroub

Mzee Haroub Ubwa alikuwa mtu wa kusema kweli, na kweli aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ile inayomhusu mtu mwingine. Maisha yake yote ya kazi alikuwa karani wa shehena bandarini Malindi. Kazi yake ilikuwa kusimama kwenye kivuli cha ghala, kalamu sikioni, na kuwapigia kelele wachukuzi: "Pinda magoti! Mgongo wima! Gunia hilo, si mto wa kulalia!" Yeye mwenyewe hakunyanyua hata gunia moja, lakini aliamini, na pengine anaamini hadi leo, kwamba nusu ya mchele ulioliwa Unguja katika miaka ile uliteremshwa kwa sauti yake.

Alipostaafu aliihamishia kazi hiyo barazani kwake. Nyumba yake iko nyuma ya bandari, katika kichochoro ambacho watu wawili wakikutana lazima mmoja ageuke ubavu. Hapo aliketi tangu baada ya alfajiri, kanzu imepigwa pasi, akiwakagua wapitao kama alivyokuwa akikagua magunia: huyu hakutoa salamu, yule suruali imembana, wale wanacheka kwa sauti njiani. Mengi aliyoyasema yalikuwa na haki ndani yake, na hapo ndipo ilipokuwa hatari. Mtu anayekosea kila mara watu humpuuza. Anayepatia mara nyingi hujisahau, akadhani kila linalomkera yeye linamchukiza na Mwenyezi Mungu.

Wakati huo binti mmoja wa mtaani, Nadra, aliyesomea tiba ya viungo, alianzisha darasa la mazoezi mepesi katika ua wa skuli, asubuhi za Jumamosi. Hayakuwa mazoezi ya vile vikundi vinavyokimbia barabarani alfajiri kwa filimbi na fulana za rangi moja. Hili lilikuwa darasa la watu ambao miili yao imewakatalia: wenye sukari, wenye presha, wenye nyonga zilizokaza, waliopigwa na kiharusi wakanusurika. Walikaa vitini, wakanyanyua mikono, wakazungusha vifundo vya miguu, wakapumua. Waliojitokeza walikuwa wanawake watupu, kwa sababu wanaume wa mtaa ule, kwa maneno yao wenyewe, walikuwa wazima. Nadra aliwawekea taarab ya taratibu kwenye simu ili wapate mwendo, na walipokosea walicheka.

Kicheko hicho ndicho kilichomfikia Mzee Haroub barazani. Kwake yeye mgonjwa anayecheka alikuwa ama si mgonjwa, ama hana adabu. Akaenda kwa sheha, mkuu wa mtaa.

"Sheha, ni Bi Ummy! Bi Ummy, mjane wa mtu na heshima zake, ajuza wa kukaa na tasbihi yake, ananyanyua miguu kwa taarab nyuma ya ukuta ambao kila mpita njia ni mrefu kuliko huo!"

Sheha alikuwa mtu aliyependa utulivu kuliko haki. Akaita wazee, wakakaa, wakanywa kahawa, wakakubaliana: darasa lihamie ukumbi wa juu katika nyumba ya wakfu iliyo karibu na msikiti, taarab izimwe, na pawekwe pazia zito katikati ya ukumbi, ikitokea mwanamume akaja. Pazia lilikuwa fikra ya Mzee Haroub. Alikwenda mwenyewe kulikagua, akatia mkono nyuma ya kitambaa mbele ya dirisha, akahakikisha kwamba hata kivuli cha vidole hakionekani. Kikaoni mtu mmoja aliuliza watu wenye magoti mabovu watazipandaje ngazi zile, maana ngazi za nyumba ile ni za kizamani, za mbao, nyembamba, zimesimama kama za kupandia mnazi.

"Anayetaka atapanda," alisema Mzee Haroub.

Sitiri haikuwa na kosa. Sitiri ni jambo jema, na pazia ni kitambaa tu. Kosa lilikuwa la mtu aliyeishika sitiri kama rungu. Baadhi ya wanawake waliacha kuja. Bi Ummy hakuacha. Alipanda na mkongojo wake, akikaa kila baada ya vidato vichache kuvuta pumzi na kumtaja Mzee Haroub kwa jina, katika dua ambayo hakuna aliyethubutu kumuuliza kama ni ya kheri au ya shari.

Mwaka uliofuata, asubuhi moja akitia udhu, mkono wa kulia wa Mzee Haroub uliacha kumsikia. Kopo likamponyoka, akalitazama likibingirika kama kopo la mtu mwingine, kisha mguu nao ukafuata. Alipozinduka vizuri alikuwa kitandani hospitali, upande mmoja wa mwili umekuwa mzigo. Kwa mara ya kwanza maishani mwake, shehena ilikuwa yeye.

Ulimi ulipona mapema kuliko vyote, jambo ambalo mtaa haukujua ulifurahie au ulisikitikie. Mkono na mguu vilikawia. Na katika siku hizo za kulala ndipo ilipofika harusi ya binti yake mkubwa, Shadya, ambayo kadi zake zilikuwa zimeshasambazwa. Ikabidi Mzee Haroub ampe uwakala mdogo wake, Mansour, amuozeshe kwa niaba yake. Mansour, mwenye duka la vitambaa Darajani na kifua cha kuvalia joho, alimuozesha vizuri. Kosa lake ni kwamba hakunyamaza tena baada ya hapo. "Siku niliyomuozesha Shadya," ndivyo kilivyoanza kila kisa chake, hata kama ni kisa cha bei ya pweza.

Ikaja posa ya Tahiya, binti mdogo na wa mwisho. Ililetwa na jamaa wa Fumba kwa ajili ya kijana wao Mabrouk, fundi umeme kwenye nyumba mpya zinazojengwa huko. Ikajibiwa baada ya Idi ndogo, nikaha ikawekwa baada ya Idi kubwa, ya Mfunguo Tatu. Jioni ile ile Mansour alikuja kumpongeza kaka yake.

"Kaka, wewe pumzika tu. Usijisumbue. Mie nshazoea."

Neno lile lilimkaa Mzee Haroub kooni kama mwiba wa samaki. Nshazoea! Kama kwamba mabinti zake ni vitambaa vya dukani.

Desturi ya hapa inajulikana. Walii, yaani anayemuozesha binti, hukaa chini, goti kwa goti na bwana harusi, wakashikana mikono ya kulia, na maneno hupita juu ya mikono ile iliyoshikana. Mzee Haroub hakuweza kukaa chini. Tangu augue, hata sala alisali kitini. Mkono wake wa kulia uliweza kugusa kitu, lakini haukuweza kukibana. Imamu alimwambia waziwazi: "Kaa kitini umuozeshe, Mzee Haroub. Dini haikukuwekea uzito huo." Sheria ilimruhusu, kiburi kikamkatalia. Alijiona yuko juu ya kiti, kijana yuko chini, mkono wake unaning'inia kama anayempa mtoto peremende, na Mansour kando na joho lake, anasubiri achoke.

Lakini si haki kusema kwamba kilikuwa kiburi kitupu. Tahiya ndiye aliyemlisha kwa kijiko siku zile ambazo kinywa chake kilikuwa kikimwaga uji. Alimpangusa kidevu na kugeuza uso, ili baba yake asijue kwamba aibu yake imeonekana. Mzee Haroub hakuwa na ujuzi wa kushukuru. Maisha yake alijizoeza kukosoa tu. Aliiona njia moja ya kumlipa mtoto yule, nayo ni kumtoa kwa mkono wake mwenyewe, mkono ule ule uliokuwa umekufa. Hili hakumwambia mtu.

"Kuna Nadra," alisema mkewe, Bi Sichana, akikunja nguo bila ya kumtazama.

"Nadra yupi?"

"Yule uliyempandisha ghorofani."

Asubuhi ya Jumamosi alisimama chini ya ngazi za nyumba ya wakfu, akazitazama. Zilikuwa zimezidi urefu tangu siku aliyokuja kukagua pazia. Akaikamata kamba iliyofungwa ukutani, akatanguliza mguu mzima, akauburura mwenzake, akapumzika, akamlaani kimoyomoyo aliyeijenga nyumba ile. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa kusema kweli, akakumbuka kwamba aliyejenga hakumlazimisha mgonjwa yeyote kupanda.

"Nani huyo anayepumua ngazini kama bomba la baiskeli?" ilisema sauti ya Bi Ummy kutoka juu.

"Ni mie. Haroub."

Kisha sauti ile ile ikasema, tamu kama halwa: "Karibu, Bwana Haroub. Anayetaka atapanda."

Upande wa wanaume haukuwahi kupata mwanamume, kwa hivyo wanawake walikuwa wameugeuza stoo: vikapu, viatu, chupa za chai, chane ya ndizi ya mtu. Vikaondolewa. Mzee Haroub akapewa kiti, pazia likavutwa, akabaki peke yake na kitambaa kizito cha kijani chenye maua, kitambaa alichokithibitisha mwenyewe kwamba hakionyeshi kitu. Hakikuonyesha kitu.

"Shikamoo, Mzee Haroub," alisema Nadra kutoka upande wa pili.

"Marahaba, mwanangu."

"Haya, tunaanza. Nyanyueni mikono hivi. Vizuri. Sasa mmoja upelekeni huku, mwingine hivi."

Huku wapi? Hivi vipi? Mzee Haroub aliinua mkono mzima kama mwanafunzi anayeomba ruhusa ya kwenda chooni, akasubiri. Upande wa pili viti vililia, mtu akaguna, watu wakacheka. Akadhani wanamcheka yeye, ambaye hakuna aliyekuwa akimuona. Akanyanyua mguu. Kumbe walikuwa wanageuza shingo.

"Mzee Haroub, unafanya?"

"Nnafanya!"

"Unahisi vipi?"

"Nnahisi vizuri," alijibu mtu wa kusema kweli.

Nadra hakuwa mtoto wa kudanganyika. Darasa lilipokwisha alisogea karibu na pazia, na kwa kuwa pazia huzuia macho na si masikio, ukumbi mzima ulisikia. "Mzee wangu, umekuja kutafuta nini? Kila mtu hapa ana lake. Huyu anataka kuoga bila ya kushikwa, yule anataka kumbeba mjukuu. Wewe je?"

Mzee Haroub aliutazama mkono wake wa kulia. "Kukaa chini," alisema mwisho. "Na kumshika mtu mkono, nikaubana."

"Mtu gani?"

"Mkwe."

Safari hii hakuna aliyecheka. Kisa cha Mansour kumuozesha Shadya mtaa mzima ulikuwa umekisikia, na zaidi ya ulivyotaka. Kilichosikika ni mkongojo wa Bi Ummy ukigonga sakafu.

"Mkono akamue tui," alisema Bi Ummy. "Mwambie, Nadra. Mie wangu ulirudi kwa tui."

Nadra akakubali, kwa sharti maji yawe vuguvugu na mzee asijilazimishe.

Tangu hapo nyumbani kwa Mzee Haroub kukawa kunaliwa wali wa nazi, mchuzi wa nazi, kisamvu cha nazi na ndizi za nazi, mpaka Bi Sichana akasema, "Bwana, tutaota makuti." Mtu ambaye hakuwahi kujua chumvi inawekwa wapi sasa alikaa jikoni kila asubuhi, bakuli mapajani, vidole vinahangaika ndani ya nazi iliyokunwa, maji meupe yanachuruzika mpaka kwenye kiwiko. Siku moja Mansour aliingia bila ya kubisha hodi, akamkuta hivyo.

"Kaka! Umekuwa mpishi?"

"Nnakamua tui."

"Nnaona. Kwa sababu gani?"

"Kwa sababu nazi haijikamui."

Mansour alitoka mpaka barazani, akawaambia waliokaa, kwa masikitiko makubwa na sauti kubwa vile vile, kwamba maradhi ya kaka sasa yamepanda kichwani, na kwamba yeye itabidi ajitayarishe mapema. Akalipeleka joho lake kwa dobi.

Mkono ukaanza kutii. Mguu ulikuwa jambo jingine.

"Kukaa chini sitokufundisha kwa maneno," Nadra alimwambia. "Lazima nilione goti lako linavyokwenda, na wewe unione mie ninavyofanya. Tufungue pazia kidogo tu."

"Pazia linabaki," alisema Mzee Haroub. Lingefunguliwa pazia lile, lingefunguka na jambo jingine, na yeye alilijua.

"Basi utabaki kitini."

Wiki nzima lilimuuma. Jumamosi iliyofuata, wanawake walipokuwa kwenye zoezi la kupumua, aliamua kulimaliza peke yake. Mtu aliyesimamia kuteremshwa kwa meli nzima nzima, atashindwa kukiteremsha kiwiliwili kimoja? Akasimama. Badala ya kushika kikalio cha kiti akashika mgongo wake, akapinda kwanza goti lisilofaa kutangulia, kiti kikateleza, naye akashuka haraka kuliko gunia lolote lililowahi kufika Malindi.

Kilisikika kishindo.

"Bwana Haroub," alisema Bi Ummy. "Uko hai?"

"Niko hai."

"Umevunjika?"

"Sikuvunjika."

"Alhamdulillahi. Sasa tunaruhusiwa kuingia, au kwanza tumwite sheha aite wazee?"

Alikuwa amelala ubavu, shavu sakafuni, na kutoka pale alikuwa anaona chini ya pazia. Pazia halikufika chini. Alilikagua akiwa amesimama, kwa hivyo hilo hakuliona. Aliona miguu. Mguu uliovimba mpaka ukanda wa ndara umezama ndani ya nyama. Visigino vilivyopasuka, na hina ya zamani imebaki kwenye nyufa. Mguu usio na kidole gumba, kilichochukuliwa na sukari, umefungwa kitambaa cheupe kilichofuliwa kikang'ara. Miguu ya Bi Ummy, myembamba ndani ya soksi za mwanamume, pengine za marehemu, inatetemeka hata ilipotulia. Hii ndiyo miguu aliyoishitaki kwa sheha. Aliisema tangu mwaka uliopita, na hakuwa ameiona.

Akaona na jambo jingine. Kanzu yake ilipanda alipoanguka, na katika ukumbi ule uliotengwa kwa ajili ya sitiri, magoti yaliyokuwa wazi yalikuwa yake peke yake.

Akaivuta kanzu chini. Aliivuta kwa mkono wa kulia, na hakuligundua hilo mpaka baadaye.

"Fungueni," alisema.

Nadra akalivuta pazia. Nyuma yake wanawake walikuwa wamekaa vitini na mabaibui yao na mitandio yao, wamejisitiri kama watu waliokwenda matangani, kama walivyokuwa wamejisitiri tangu siku ya kwanza kule skuli. Walimtazama bila ya kumcheka, na hilo lilikuwa zito zaidi.

"Ulitaka kufika chini," alisema Nadra, akichuchumaa. "Umeshafika. Basi tuanze na kuinuka, ndiko watu wanakokusahau. Geuka ubavu. Kiti hiki hapa. Mkono kwenye kikalio. Pinda goti, mgongo wima."

Mzee Haroub akacheka pale pale sakafuni. "Maneno hayo nikiwaambia wachukuzi."

"Na wao wakikujibu nini?"

"Wakiniuliza mbona wewe hunyanyui."

"Nyanyua sasa," alisema Bi Ummy.

Nikaha ilikuwa baada ya alasiri, katika msikiti wa mtaani. Mansour alifika na joho lililotoka kwa dobi, ananukia udi mpaka kizingitini. Karibu na mihirabu alikuwa ameshaweka kiti, na juu ya kiti mto.

"Kiti chako hicho, kaka," alinong'ona, kwa mnong'ono uliosikika safu nzima. "Ukichoka niashirie tu. Mie niko hapa hapa."

Na kweli alikuwa hapo hapo, amesimama karibu na nguzo kama kawaida yake. Katika kila hafla Mansour alikuwa wa mwisho kukaa, na akikaa alikaa nguzoni, na watu walichukulia kuwa ndio ukubwa.

Mzee Haroub alikiendea kiti taratibu. Hakukikalia. Aliweka mkono kwenye kikalio, juu ya ule mto wa Mansour, akageuka, akaanza kushusha goti. Mtu mmoja aliruka kumdaka, akidhani anaanguka.

"Niache," alisema Mzee Haroub. "Nnakaa."

Akakaa. Hakukaa kwa kupendeza. Mguu wa kulia ulitoka nje kama mguu wa meza iliyovunjika, na pumzi zilimtoka kama ngazini. Lakini alikuwa chini, juu ya zulia, na Mabrouk akajisogeza mpaka magoti yao yakagusana. Imamu akasoma hotuba, kisha akawaambia washikane mikono.

"Nimekuozesha binti yangu Tahiya," alisema Mzee Haroub, akimfuata imamu neno kwa neno, na pale kwenye "binti yangu" sauti yake ilifanya jambo ambalo haikuwahi kulifanya barazani, "kwa mahari mliyokubaliana."

Mabrouk alitakiwa ajibu papo hapo. Hakujibu. Wakubwa wake walikuwa wamemuusia kwamba mkwe ni mgonjwa, aushike ule mkono taratibu usije ukamponyoka. Hawakumtayarisha kushikwa na mkamua tui. Imamu akakohoa.

"Nimekubali," alisema kijana, macho yamemtoka. "Nimekubali kumuoa," na safu za nyuma zikacheka, zikidhani ni woga wa harusi.

Ikaletwa halwa, ikaletwa kahawa. Mansour naye akakaa, nguzoni. Wakati wa kuondoka ulipofika vijana walimkimbilia Mzee Haroub kumwinua, akawazuia kwa mkono.

"Mansour, nisukumie kiti hicho."

Mansour alikisukuma kutoka pale alipokaa, uso umechangamka, akiamini kwamba kaka hatimaye amekubali kushindwa. Mzee Haroub akageuka ubavu, akaweka mkono, akapinda goti, mgongo wima, akasimama. Kisha akamtazama mdogo wake, ambaye naye alikuwa akijaribu kuinuka. Mansour aliikumbatia nguzo kwa mikono miwili. Akajivuta. Akarudi chini. Akajivuta tena, jasho likachomoza chini ya kofia, na Mzee Haroub, aliyewakagua watu maisha yake yote, akaona kwa mara ya kwanza kwa nini ndugu yake hukaa nguzoni.

Akamsogezea kiti.

Nje, wakivaa viatu, Mansour alimvuta pembeni. "Kaka, nani alokufundisha vile?"

"Nadra."

"Nna goti hili." Alishusha sauti. "La tangu zamani. Usimwambie mtu. Anafundishia wapi?"

"Nyumba ya wakfu. Ghorofa ya juu."

"Ya juu?" Mansour akasahau kunong'ona. "Watu wa magoti? Mpumbavu gani huyo aliyewapandisha wagonjwa ngazi zile?"

Watu wakageuka. Baadhi ya wazee waliokuwemo kwenye kikao cha sheha walikuwa pale pale, na kila mmoja ghafla akawa na kazi kubwa ya kutafuta kiatu chake. Ingekuwa rahisi kusema ni sheha. Ingekuwa rahisi zaidi kusema ni wazee, neno ambalo ukilifungua humkuti mtu ndani.

"Mie," alisema Mzee Haroub.

Ilikuwa kweli fupi kuliko zote alizowahi kuzisema, na pengine ya kwanza kumgharimu kitu.

Jioni Tahiya alikuja kumuaga, amevaa, amefukizwa, anameremeta. Aliinama akambusu baba yake mkono wa kulia, akaushikilia kidogo zaidi ya ilivyo desturi.

"Unanukia nazi, baba," alisema.

"Ni mkono wa kazi," alijibu, na akaubana ule wa mwanawe mpaka Tahiya akacheka na kulia pamoja.

Baada ya harusi Mzee Haroub alikwenda kwa sheha na ombi. Sheha alimpokea kwa furaha, ila alisema jambo la kulirejesha darasa skuli si jepesi. "Kuna mtu mmoja mkali sana aliwahi kulalamika," alisema, akikoroga chai iliyokwisha korogwa. "Yeye ataridhika?"

"Kesharidhika."

"Basi nitaita wazee, uje uwaambie wao hivyo hivyo."

Akawaita. Mzee Haroub akawaambia, amesimama, na hakuna aliyemsaidia hata kwa kukohoa.

Darasa likarudi katika ua wa skuli, na wale wanawake waliokuwa wamezikimbia ngazi wakaanza kurudi mmoja mmoja. Mansour alikuja Jumamosi ya kwanza amevaa miwani ya jua. Alisimama langoni, akautazama ukuta mfupi, akawatazama wapita njia na vikapu vyao vya sokoni, akamtazama kaka yake kitini mwisho wa safu, akizungusha kifundo cha mguu kwa uso wa mtu anayekagua shehena.

"Kaka," alinong'ona, "mbona hapa hapana pazia? Watu watatuona."

Mzee Haroub alifungua kinywa ajibu, lakini Bi Ummy, kiti cha mbele, alimuwahi.

"Lipo, Bwana Mansour," alisema bila ya kugeuka. "Liko ghorofani. Anayetaka atapanda."